Kuhamisha kiwanda kidogo cha bia: anza na visivyohamishika

Swali: "Nina kiwanda kidogo cha bia. Tunapika lita 1,000 kwa mpiko mmoja, na tuna matangi sita ya kuchachushia, ya lita 2,000 kila moja. Mkataba wa pango unaisha mwaka ujao na mwenye jengo hataki kuuongeza. Nimepata ghala kubwa zaidi kwenye mtaa mwingine wa mji huohuo. Upande mmoja kuna nyumba za watu, upande wa pili karakana. Mafundi wa kuhamisha mitambo ninao. Hofu yangu ni mbili: bia isije ikabadilika ladha, na nisije nikakaa miezi bila kuuza. Nianzie wapi?"

Jibu: Ndugu yangu, hofu zako zote mbili zina msingi, na zote mbili huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, yaani kabla hujatia saini mkataba wa jengo jipya. Matangi, pampu na boila ni vyuma. Vinafunguliwa, vinapakiwa, vinafungwa upya. Usichoweza kupakia kwenye lori ni sakafu, mtaro wa maji machafu, maji yanayotoka bombani, laini ya umeme na majirani. Hivyo utavikuta hukohuko, na karibu kila uhamisho ninaoujua ulioharibika uliharibikia kwenye mojawapo ya hivyo, wala si kwenye mitambo. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na wenye kreni, nenda kwenye hilo ghala na ndoo ya maji.

Sisemi hivyo kwa mfano. Mwaga ndoo kadhaa za maji katikati ya sakafu, simama uangalie yanaelekea wapi. Kiwanda cha bia ni mahali pa kumwagia maji kutwa nzima: unaosha matangi, unasuuza mapipa, unasukuma mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na chachu. Sakafu inatakiwa iwe na mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mtaro. Maghala mengi yalijengwa kwa ajili ya maboksi, kwa hiyo sakafu iko tambarare na mtaro hakuna kabisa. Kuchimba mtaro, kumwaga zege jipya lenye mwinamo na kulifunika kwa rangi maalumu ni kazi ya wiki nyingi, na mara nyingi ndiyo gharama kubwa kuliko zote za uhamisho. Mwenye jengo akikuambia sakafu ni nzuri, anamaanisha haina nyufa. Wewe unauliza jambo lingine.

Uliza pia unene wa zege na kama lina nondo. Piga hesabu na mhandisi: lita moja ya bia ni kama kilo moja, kwa hiyo tangi lako moja likijaa lina tani 2 za kimiminika, na chuma chenyewe kinaweza kuongeza nusu tani au zaidi. Mzigo huo wote unasimama juu ya miguu minne, kila mguu ukikanyaga eneo dogo kama kiganja. Sakafu iliyobeba maboksi miaka 20 bila shida inaweza kupasuka chini ya mguu mmoja wa tangi. Zege tupu nalo halidumu: bia yenyewe ina asidi, pH yake (kipimo ambacho 7 ni katikati na chini ya hapo ni asidi) ikiwa kama 4, na dawa ya kuoshea ni kostiki, yaani alkali kali, ya moto. Vyote viwili vinalila zege taratibu. Watu hupaka epoksi kwa kuwa ni rahisi kuipata, lakini ukiimwagia maji yanayochemka mara kwa mara huanza kubanduka. Kwa eneo la kupikia napendelea sakafu ya saruji iliyochanganywa na poliurethani, kwa sababu inastahimili joto linalopanda na kushuka ghafla.

Sasa mtaro unaelekea wapi? Hapa ndipo nakuomba uwe mkali na nafsi yako. Kiwanda kidogo hutumia maji mengi kuliko bia kinayotoa, mara nyingi lita 5 hadi 10 kwa kila lita ya bia, na sehemu kubwa ya maji hayo huishia kwenye bomba la maji taka. Maji hayo si kama ya nyumbani. Mzigo wa uchafu unaokula oksijeni, ule wanaoupima maabara kwa miligramu za oksijeni kwa lita, kwa maji taka ya nyumbani huwa kati ya 200 na 400. Kwa kiwanda cha bia mara nyingi hupita 2,000, na ukimwaga tangi la bia iliyoharibika au chachu ya chini ya tangi unapanda hadi makumi ya maelfu. Ongeza kostiki yenye pH zaidi ya 13 asubuhi na asidi jioni. Mamlaka nyingi za maji taka hutaka maji yaingie kwenye bomba lao yakiwa karibu na pH 6 hadi 9. Nenda kwao, waeleze utamwaga kiasi gani kwa siku, na upate jibu la maandishi. Mara nyingi watakutaka uwe na tangi la kusawazishia, ambamo kostiki na asidi hukutana na kupoozana kabla ya kutoka. Panga nafasi ya tangi hilo sasa, maana ukija kukumbushwa baada ya mitambo kukaa hutakuwa na pa kuliweka.

Njia rahisi ya kupunguza mzigo huo ni kutoruhusu vitu vizito viingie mtaroni. Chachu iliyotumika, matope ya hopsi na bia mbovu vikusanywe kwenye mapipa yake. Machicha ya kimea, ambayo kwa mpiko wako wa lita 1,000 yanaweza kufika kilo 200 yakiwa mabichi, yaende kwa wafugaji siku hiyohiyo au kesho yake, maana yakilala siku mbili kwenye joto mtaa mzima utajua. Chachu hai isipewe mifugo hivihivi. Ipashwe moto ife kwanza, la sivyo itaendelea kuchachua tumboni mwa mnyama.

Nije kwenye ladha, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Kuhama mtaa ndani ya mji mmoja hakukuhakikishii maji yaleyale. Miji mingi hupata maji kutoka vyanzo zaidi ya kimoja: upande mmoja unanyweshwa na bwawa, mwingine na visima, na kuna maeneo wanayabadilisha kulingana na msimu. Historia nzima ya bia ni historia ya maji. Burton upon Trent huko Uingereza ilijulikana kwa bia chungu zenye ladha kavu kwa sababu maji yake yana salfeti nyingi. Plzeň ya Bohemia, katika Ucheki ya leo, ilikozaliwa bia ile nyepesi ya rangi ya dhahabu mwaka 1842, ina maji laini yasiyo na madini mengi. Dublin ya Ireland, yenye maji ya bikaboneti nyingi, ilifaa bia nyeusi, kwa kuwa asidi ya kimea kilichokaangwa sana ilisawazisha maji hayo. Wapishi wa zamani hawakuchagua mtindo kisha wakatafuta maji. Maji ndiyo yaliwachagulia mtindo.

Wewe una bahati ambayo wao hawakuwa nayo: unaweza kupima na kurekebisha. Chukua maji kutoka kwenye bomba la ghala jipya, si kutoka kwa jirani, uyapeleke maabara. Fanya hivyo mara kadhaa katika miezi tofauti, ukipata nafasi kiangazi na masika. Unachotafuta ni kalsiamu, magnesi, sodiamu, salfeti, kloridi na bikaboneti. Weka matokeo hayo kando ya matokeo ya maji unayotumia sasa. Tofauti ya bikaboneti ndiyo ya kwanza kuangalia, kwa kuwa ndiyo inayovuta pH ya mchanganyiko wa kimea na maji moto. Unataka pH hiyo iwe kati ya 5.2 na 5.6 ukiipima sampuli ikiwa imepoa. Ikipanda juu ya hapo, vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa kimea kuwa sukari vinafanya kazi kwa uvivu, unachopoa ukakasi kutoka kwenye maganda, na uchungu wa hopsi unakuwa wa kukwaruza. Kama maji mapya yana bikaboneti nyingi kuliko ya zamani, utahitaji asidi kidogo ya laktiki au ya fosforiki. Yakiwa na kalsiamu kidogo, chumvi ya kalsiamu itaziba pengo. Uwiano wa salfeti na kloridi nao una kauli yake: salfeti huinua uchungu na ukavu, kloridi huleta utamu na ujazo mdomoni. Watu hupima kila kitu, kisha wanausahau uwiano huu, halafu wanashangaa wateja wanaposema bia "imekuwa nyembamba".

Kama maji mapya yako mbali sana na ya zamani, au yanabadilikabadilika kwa msimu, nunua mtambo wa kuchuja kwa utando unaoondoa karibu madini yote, kisha ongeza chumvi zako mwenyewe kwa mizani. Ni ghali mwanzoni na unapoteza sehemu ya maji, lakini kwa kiwanda kinachouza bia hizohizo mwaka mzima naona ni fedha iliyotumika vizuri.

Usisahau dawa ya kuua vijidudu ambayo mamlaka huweka majini. Klorini hutoka ukiyachemsha maji, na mkaa maalumu wa kuchujia huiondoa pia. Kloramini ni ngumu zaidi. Haitoki kwa urahisi hata ukichemsha. Zote mbili zikikutana na viambata vya kimea hutengeneza ladha ya bandeji na dawa ya hospitali, na kiasi kinachotosha kuisikia ni kidogo mno, sehemu chache kwa bilioni. Uliza mamlaka ya maji upande huo wanatumia ipi. Kuna miji ambako mtaa mmoja unapata moja na mtaa mwingine nyingine.

Baada ya maji, anayefuata ni chachu. Hiyo unaweza kuhama nayo, lakini haipendi safari ndefu wala kusubiri. Chachu iliyovunwa na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 1 hadi 4 hukaa vizuri kama wiki moja. Ikifika wiki mbili inachoka, na ukiirudisha kazini baada ya hapo itaanza polepole na kuacha harufu usizozitaka. Uhamisho wako utachukua muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo, kama chachu yako ni ya kipekee, peleka sampuli kwenye maabara inayohifadhi chachu miezi kadhaa kabla, ili uipate ikiwa changa na safi siku utakayoihitaji. Emil Christian Hansen alipofaulu kutenga chachu safi kutoka seli moja katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, mwaka 1883, alitupa uwezo huu: kiwanda kinaweza kuhama, kuungua au kufungwa, na chachu yake ikaendelea kuishi mahali pengine. Ni vibaya kuuacha uwezo huo bila kuutumia kwa kuokoa ada ndogo.

Jambo la tatu kwenye ladha ni mitambo yenyewe. Ukihama na matangi yaleyale, umeokoka na mengi. Ukinunua makubwa zaidi kwa sababu nafasi imeongezeka, jiandae: tangi refu huongeza shinikizo juu ya chachu na kuzuia hewa ukaa isitoke haraka, na matokeo yake ni harufu chache za matunda. Tangi kubwa la kuchemshia hupanda joto polepole na kupoza polepole, kwa hiyo hopsi zinazowekwa mwishoni hukaa kwenye joto muda mrefu na kutoa uchungu ambao haukuwepo. Ushauri wangu ni kutofanya mambo mawili kwa pamoja. Hamia na mitambo ya zamani, irudishe bia yako mahali pake, kisha panua. Ukibadilisha jengo, maji na matangi kwa mkupuo mmoja, bia ikitoka tofauti hutajua umwulize nani.

Na kuna kitu kidogo ambacho kila mtu hukipita: mashine ya kusagia kimea. Nafasi kati ya roli zake ni kama milimita 1 hivi, na mtikisiko wa lori unaweza kuisogeza. Kabla ya kuifungua, pima nafasi hiyo kwa vipimo vya bapa vya mafundi wa injini, kila upande wa roli, na uandike. Ukifika, pima tena. Roli zikikaribiana, maganda yanasagika mno na maji ya kimea yanagoma kuchuja. Zikiachana, unapoteza sukari na bia inakuwa dhaifu. Nimeona watu wakilaumu maji na chachu na mpishi, kumbe ni roli.

Umeme sitauzungumzia sana kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Kupandisha lita 1,000 kutoka nyuzi 65 hadi 100 kwa saa moja kunahitaji zaidi ya kilowati 40, kabla hujahesabu joto linalopotea, chila (mashine ya kupozea matangi), pampu na kompresa. Ghala la maboksi lina umeme wa kuwashia taa. Ukihitaji umeme wa njia tatu na transfoma kubwa zaidi, subira yake ni ya miezi, na huwezi kumharakisha anayeleta umeme. Peleka maombi siku unayotia saini, au bora zaidi, weka kwenye mkataba kwamba kodi inaanza kuhesabiwa umeme ukishafika. Na kama unatumia boila ya mvuke, ujue nchi nyingi hutaka mkaguzi aipitishe upya kila inapohamishwa.

Lakini kuna suala moja la jengo ambalo nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu linaua. Kila lita ya bia ikichachuka hutoa takriban gramu 40 za hewa ukaa, ambayo ni kama lita 20 za gesi. Tangi lako moja la lita 2,000 linatoa kama lita 40,000 za gesi kwa siku chache, na matangi sita yakichachua kwa pamoja ni mara sita ya hapo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Inalala chini, inaingia kwenye mashimo, kwenye mitaro iliyofunikwa, kwenye chumba cha baridi kilichofungwa, kwenye ghorofa ya chini kama ipo. Kiwango kinachokubalika kwa zamu ya saa nane ni asilimia 0.5, ikifika asilimia 4 ni hatari ya haraka kwa maisha. Jengo lako la sasa huenda lina madirisha na mianya inayokuokoa bila wewe kujua. Jengo jipya lililozibwa vizuri halina. Weka feni ya kunyonya hewa kutoka chini, na vipimo vyenye king'ora vifungwe usawa wa goti, si usawa wa kichwa. Wafundishe vijana wako kwamba mwenzao akianguka ndani ya tangi au shimoni, hakuna kumfuata bila kifaa cha kupumulia. Mara nyingi wanaokufa huwa wawili, na wa pili ni yule aliyekimbilia kuokoa.

Sasa majirani. Umesema upande mmoja kuna nyumba, na hilo kwangu si kikwazo, ila lina utaratibu wake. Carlsberg kilipoanzishwa mwaka 1847 kilijengwa nje ya jiji la Copenhagen. Jiji likakua, likakizunguka, na mwaka 2008 upikaji mkubwa ukahamishiwa mji mwingine, Fredericia. Yaani hata kiwanda kilichotangulia majirani zake kinaweza kufika mahali pa kuwapisha. Wewe unawakuta tayari wamekaa, kwa hiyo wajibu wa kubisha hodi ni wako.

Kinachowasumbua majirani kwa kawaida si kile wenye viwanda wanachokiogopa. Mvuke wa kuchemsha kimea na hopsi una harufu nzito, baadhi ya watu wanaipenda na wengine inawapa kichefuchefu, lakini ni ya saa moja au saa moja na nusu kwa mpiko, na kuna kifaa cha kunyunyizia maji baridi ndani ya bomba la moshi kinachougeuza mvuke kuwa maji kabla haujatoka. Kifunge. Kinachovunja uhusiano ni chila. Inafanya kazi usiku na mchana, ina feni na kompresa, na watu wengi huiweka nyuma ya jengo kwa kuwa ndipo penye nafasi, yaani chini ya dirisha la chumba cha mtu. Kabla ya kuamua mahali pake, nenda pale saa nane usiku, usimame upande wa nyumba, usikilize jinsi mtaa ulivyo kimya. Kisha iweke upande wa karakana, hata kama bomba la glaikoli, kile kimiminika cha kupozea kinachotoka kwenye chila, litakuwa refu zaidi. Mapipa matupu yanayobingirishwa alfajiri ni adui wa pili. Weka sheria ya saa ya kupakia na uisimamie mwenyewe.

Na kama utauza bia hapohapo kwa watu kukaa na kunywa, hilo ni ombi tofauti kabisa na la kupika. Sehemu nyingi zina masharti kuhusu umbali kutoka shule na nyumba za ibada, saa za kufunga, na muziki. Zungumza na wakazi kabla tangazo la maombi halijabandikwa. Jirani aliyelisikia jambo kutoka kwako atakuja kukuuliza maswali, ila aliyelisoma ukutani ataandika pingamizi. Waeleze ukweli: harufu ipo siku fulani, lori linakuja saa fulani, namba ya simu ya kupiga ni hii. Usiwaahidi kimya kisichowezekana. Na usione vibaya kama wengine watauliza juu ya kodi za nyumba kupanda biashara za namna hii zikiingia mtaani. Wana haki ya kuuliza, na njia nzuri ya kuwajibu ni kuajiri hapo mtaani.

Hofu yako ya pili, ya miezi bila mauzo, inategemea leseni kuliko mitambo. Karibu kila mahali leseni ya kutengeneza pombe hufungwa kwenye jengo, si kwenye mtu. Huwezi kupika kwenye jengo jipya hadi likaguliwe, na mara nyingi haliwezi kukaguliwa hadi mitambo iwe imefungwa. Mamlaka ya ushuru wa bidhaa nayo inataka kujua kila lita iliyo kwenye matangi siku ya kuhama: hiyo bia imelipiwa au haijalipiwa, inasafirishwa chini ya kibali kipi. Nenda kwao mapema, uwaulize utaratibu wa kuwa na majengo mawili kwa muda. Kisha panga kulipa pango la majengo mawili kwa miezi miwili au mitatu. Najua inauma. Lakini anayejaribu kutoka Ijumaa na kupika Jumatatu huishia kukaa muda huohuo bila bia ya kuuza.

Pengo hilo unalijaza kwa njia mbili. Ya kwanza ni akiba. Bia za lagi (zinazochachushwa na kukomazwa kwenye baridi) na nyeusi zenye kilevi kingi huvumilia kusubiri. Zipike kwa wingi miezi miwili kabla, uzihifadhi kwenye baridi. Zile za hopsi nyingi usizilimbikize, maana harufu yake ndiyo thamani yake na inaondoka wiki hadi wiki. Ya pili ni kupika kwenye kiwanda cha mwenzako kwa makubaliano, kama sheria ya kwenu inaruhusu. Nenda mwenyewe ukasimamie, chukua chachu yako, na uwaambie wateja wazi kwamba kwa sasa inapikiwa wapi.

Kuhusu siku ya kufungua mitambo, mafundi wako wanajua vyuma, ila kuna mambo ya bia ambayo huenda hawayajui. Tangi la kuchachushia limetengenezwa kuhimili msukumo wa ndani, si mvuto. Ukiliosha kwa maji moto, ukafunga vali zote, kisha likapoa, mvuke ulio ndani unageuka maji, nafasi inabaki tupu, na hewa ya nje inaliponda. Hali hiyohiyo hutokea ukiingiza kostiki kwenye tangi lenye hewa ukaa, kwa sababu kostiki inaimeza gesi yote. Kwa hiyo kila tangi lisafiri likiwa kavu na mlango au vali ya juu ikiwa wazi, lakini imefunikwa kwa kitambaa safi. Chila isafirishwe ikiwa wima, na gesi yake iondolewe na fundi wa majokofu kabla ya mabomba kukatwa. Glaikoli iingie kwenye mapipa yenye maandishi, isimwagwe. Na ukinunua nyingine hakikisha ni ya propilini, ile salama kwa vyakula, kwa sababu ya ethilini ni sumu. Kila bomba libandikwe namba kabla halijafunguliwa, na upige picha.

Mipira ya kupitishia bia na gasketi usihame nazo. Ndani yake ndimo wanamoishi bakteria wa asidi ya laktiki na chachu za mwituni, wamejibandika kwa utando ambao dawa haiufikii vizuri. Nunua mpya zote. Baada ya kuchomelea na kufunga, osha chuma kwa kostiki, kisha kwa asidi ya nitriki au ya sitriki ili kijijengee tena ngozi yake ya kuzuia kutu, halafu ndipo dawa ya kuua vijidudu.

Mpiko wa kwanza uwe wa maji matupu. Pasha, chemsha, poza, hamisha, pima kila muda na kila joto, tafuta panapovuja. Wa pili uwe bia nyepesi, ya mapishi mepesi, ambayo uko tayari kuimwaga: bia ya namna hiyo haifichi kosa. Bia yako inayokuuzia zaidi iwe ya tatu au ya nne. Na hapa utahitaji kitu ambacho lazima ukiandae kabla ya kuhama: weka kando makasha kadhaa ya mpiko wa mwisho wa jengo la zamani, yakae kwenye baridi kali. Bia mpya ikikomaa, waite watu wanaoijua bia yako. Kila mmoja mpe glasi tatu zisizo na alama, mbili za aina moja na moja ya nyingine, umwombe atambue iliyo tofauti. Anayebahatisha atapatia mara moja kwa tatu. Kundi likipatia zaidi ya hapo kwa wazi, kuna tofauti ya kweli. Rudi kwenye maji na pH kwanza, kisha muda wa hopsi, kisha chachu. Rekebisha kimoja kwa mpiko mmoja. Kumbuka tu kwamba bia ya zamani inazidi kuzeeka kwenye jokofu wakati wewe unasubiri, kwa hiyo jaribio hilo ulifanye mapema, ndani ya wiki chache.

Leseni ya jengo la zamani usiirudishe, na funguo usizikabidhi, hadi jengo jipya liwe limepitishwa kwa maandishi na mpiko mmoja umeshatoka salama. Matangi mawili yabaki huko hadi mwisho, yakiwa na bia. Yatalipia sehemu ya lile pango la pili.